Popo Hashuki Injini Ikinguruma

Pale Mahurunga, upande wa bonde la Ruvuma, Thabiti Shaibu alijulikana kwa mihogo yake na kwa mbwa wake, na aliyetaja kimoja hakuweza kukikwepa kingine. Nguruwe pori wa bonde lile hawana haya. Hutoka kwenye matete kundi zima, wakaingia shambani na kufukua kama vibarua, na asubuhi mwenye shamba anakuta mashimo na maganda tu. Wakulima wengine walikesha vibandani wakipiga madebe mpaka sauti zikawakauka. Thabiti alilala. Popo ndiye aliyekuwa macho.

Jina hilo alimpa kwa sababu ya masikio, maana yalikuwa makubwa kupita kichwa na yalisimama wima hata akisinzia. Mweusi, mwembamba, sura yenyewe ya kuchekesha, lakini nguruwe walikuwa wanamjua na hawakuona cha kuchekesha. Nyumbani kwa Thabiti watu walikuwa wa sala tano, kwa hiyo Popo hakukanyaga uani. Mbwa wa shamba anaruhusiwa, mbwa wa nyumbani hapana. Alikuwa na kibanda chake shambani na chungu chake kilichovunjika mdomo. Ashura, mkewe Thabiti, alimtupia chakula kwa mbali, akarudi akitafuta maji ya kunawa. Hakumpenda. Lakini hata yeye alikuwa akisema kwamba korosho zinaleta sukari na kanga, ila kinachowalaza watoto wake wameshiba ni mihogo, na mihogo inalindwa na meno ya mbwa yule. Popo akiondoka, tunalala njaa. Aliyasema hayo kwa kulalamika, na yalikuwa kweli tupu.

Sasa huyo Athumani.

Athumani Rashidi alikuwa ndugu yake Thabiti wa jando. Waliingia kumbini siku moja, wakalala mkeka mmoja, wakala sahani moja mpaka vidonda vikapona. Na kuna jambo la siku ile ambalo Thabiti hakumwambia mtu, hata Ashura. Ngariba alipomfikia Athumani, Athumani alilia. Hakugumia; alilia, akamwita mama yake. Mvulana akilia kumbini, aibu hiyo anakwenda nayo mpaka kaburini, na ukoo wake unaibeba pamoja naye. Thabiti, aliyekuwa anafuata kwenye mstari, aliinua wimbo kwa nguvu zake zote, wenzake wakaupokea, na kilio kikafunikwa. Wanaume waliokuwa wanasikiliza nje wakashangilia, "Mwanamume huyo!" Athumani akatoka na heshima yake nzima. Kwa watu wa kule, waliofanyiana hivyo hawafichani kitu tena, wala hawanyang'anyani.

Athumani alipokua alihamia Likombe akafanya biashara ya samaki wakavu, akanenepa, akapata kigari. Kiliachwa na Mzungu mmoja wa bandarini aliyekuwa anarudi kwao. Kilikuwa na viti viwili tu na paa la turubai, kifupi kiasi kwamba mbuzi angeweza kuchungulia ndani. Watoto walikiita Kobe. Selfu yake ilikuwa imekufa siku nyingi, kwa hiyo ukikizima ni lazima utafute watu wa kukisukuma ndipo kiwake. Athumani akisimama dukani au kisimani aliacha injini ikinguruma. Mahali pekee alipokizima bila wasiwasi ni Mahurunga, kwa mke wake mdogo, maana pale aliegesha juu ya mteremko ili kishuke chenyewe. Alikuja kila Alhamisi, na kila Alhamisi lazima apite kwa Thabiti wale pamoja.

Mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, kichaa cha mbwa kiliingia pwani. Bwana mifugo akatangaza kwamba mbwa wote wachanjwe Chikongola kabla ya mwaka kwisha, na asiyechanjwa atapigwa risasi. Kutoka Mahurunga hadi Chikongola si mwendo wa kumburuta mbwa kwa kamba. Basi lilikuwepo, lakini utingo alipomwona Popo alicheka tu, na abiria wakasema mbwa akipanda wao wanashuka. Thabiti akamwendea ndugu yake wa jando.

"Mbwa? Ndani ya gari langu?" Athumani aliikusanya kanzu yake kana kwamba Popo yuko tayari mapajani. "Mimi nasalia kanzu hii, Thabiti."

"Nitampakata mimi. Hatakugusa."

"Na akinigusa?"

"Nitakufulia mwenyewe."

Athumani akaguna, akakubali. Angekataaje?

Safari ile waliikosea tangu mwanzo. Thabiti, kwa huruma, alimshibisha Popo kabla ya kuondoka. Alimfunga kamba shingoni na kuishika mkononi, dirisha akaliacha wazi lote ili mbwa apate hewa. Hawajaenda mbali Popo akatapika miguuni mwake. Halafu akamwona mbuzi, upande wa dereva. Aliruka akampitia Athumani kifuani, miguu ya mbele juu ya usukani, ulimi na mate usoni, na kigari kikaacha njia, kikaserereka kwenye mchanga na kugota kwenye mkorosho. Popo akajikuta nusu nje ya dirisha, ananing'inia kwa kamba ile ya shingoni iliyokuwa imenasa mlangoni, macho yamemtoka. Thabiti aliikata kwa kisu. Kama lori lingekuwa linakuja, wangezikwa wote watatu, sijui kwa utaratibu gani.

Waliposhuka mtoni Athumani akaanza kuifua kanzu. Aliifua mara saba, mojawapo kwa udongo, kama sheria inavyotaka, akihesabu kwa sauti na kutetemeka kwa baridi na hasira. Thabiti aling'ata mdomo asicheke. Athumani akamwona, naye akashindwa kujizuia, na wote wawili wakacheka wakiwa wamekaa majini.

"Mfundishe kwanza," Athumani alisema. "Huyu atatuua. Gari mimi nakuja nalo kila Alhamisi, hilo hapo. Akijua kukaa, nitampeleka hata Dar es Salaam."

Ni maneno mazuri, na yalisemwa kwa moyo mzuri, tusimsingizie mtu. Siku ile Athumani hakuwa na nia yoyote mbaya.

Thabiti akaingia kazini. Alisuka kwa kamba za usumba kitu alichokiita kizibao, kinachopita kifuani na nyuma ya miguu ya mbele bila kugusa shingo, akakizungushia vitambaa vya kanga kuukuu kisimchubue mbwa. Mgongoni mwake ilitoka kamba fupi ya kufunga kwenye mguu wa kiti cha abiria. Kwa kamba ile Popo aliweza kukaa na kulala, lakini asingeweza kumfikia dereva wala kutoka dirishani. Chini, kwenye nafasi ya miguu, Thabiti alitandika gunia. Alhamisi ya kwanza hawakwenda popote. Popo alipandishwa, akapewa kichwa cha samaki, akashushwa. Baadaye injini ikawashwa, gari limesimama. Baadaye wakaenda hadi kisimani na kurudi, kisha mbali zaidi. Thabiti akajifunza kutompa chakula asubuhi ya safari. Dirisha akalifungua upana wa kiganja tu, maana wadudu na kokoto za njiani zingeweza kumtoa mbwa jicho. Akajifunza kusimama njiani Popo anywe maji na kukojoa, na kutomwacha ndani gari likiwa juani, maana turubai lile likipata jua ndani ni tanuri.

Somo la mwisho ndilo lililokuwa gumu, na Thabiti alilibuni kwa ajili ya yule mbuzi. Athumani alikaa kwenye usukani, injini ikinguruma, kamba imefunguliwa, mlango wazi. Thabiti akasimama nje na kichwa cha samaki mkononi, akaita. Popo akishuka hapati kitu, anarudishwa. Injini ikinguruma hashuki, hata aitwe na nani, hata aitwe na Thabiti mwenyewe. Mpaka injini izimwe. Alhamisi nyingi zilipita hivyo. Popo alitetemeka mguu wa mbele, akalia puani, akaruka, akarudishwa. Athumani alikuwa mvumilivu siku zile, hilo lazima lisemwe. Alikaa kwenye usukani akiwasha na kuzima, akikiachia kigari mteremkoni kila kilipogoma. Hatimaye siku moja Thabiti aliita na kuita, na Popo akakaa.

"Mwanamume huyo!" Thabiti alipiga kelele kwa furaha.

Neno lenyewe lilimtoka tu, lile la kumbini. Athumani aliinamia usukani kidogo, kisha akazima injini, na Popo akamrukia bwana wake hata wakaanguka wote mavumbini. Tangu hapo ndilo likawa neno lake la sifa. Akikaa vizuri anaambiwa "Mwanamume huyo!", naye hupiga mkia sakafuni mara moja, akatulia. Alijua amefanya sawa.

Wakaenda Chikongola, wakarudi salama. Popo alichanjwa, akapigwa alama ya rangi begani. Bwana mifugo alisema hajaona mbwa aliyeshuka garini ametulia vile, na Thabiti aliyarudia maneno hayo kwa kila mtu aliyesimama kumsikiliza.

Wakati wa kurudi Athumani aliuliza maswali mengi. Je, mbwa huyu anafuata amri ya mtu mwingine? Shamba kubwa kiasi gani analimudu peke yake? Alikuwa amefungua shamba jipya la mihogo nyuma ya Likombe, na nguruwe walikuwa wamekwisha kumpigia hodi. Thabiti alijibu yote, kifua mbele.

Utauliza kwa nini hakushtuka. Hakushtuka kwa sababu angemshuku mtu yeyote duniani kabla ya Athumani. Ukiacha jando, huyu ni mtu anayefua kanzu mara saba kwa mate ya mbwa; mbwa atamtaka wa nini? Ndivyo Thabiti alivyohesabu, na ndipo alipokosea. Hakuona kwamba ile shida amekwisha kuiondoa kwa mikono yake mwenyewe. Mbwa kafungwa kifuani kwa kamba fupi, hamgusi dereva, hatapiki, haruki. Alikuwa amemtengeneza Popo akawa mbwa anayeweza kuibwa na mtu wa kanzu safi.

Mihogo ilipokomaa, Thabiti alikwenda Msimbati kwenye maziko ya mjomba wake. Athumani akaja, na siku ile haikuwa Alhamisi.

"Shemeji," alimwambia Ashura, injini ikinguruma njiani, "Thabiti kaniagiza nimchukue mbwa. Kuna sindano ya pili."

Ashura hakuwa na sababu ya kumbishia shemeji yake. Alikwenda shambani, akakitungua kizibao msumarini, akakishika kwa pembe ya kanga asiguse, akamvisha Popo na kumfunga kwenye mguu wa kiti, sawasawa kama alivyomwona mumewe akifunga. Popo hakuhitaji kuvutwa. Aliona mlango uko wazi, akapanda mwenyewe, mkia ukicheza, akakaa juu ya gunia. Ashura alisimulia baadaye kwamba hakubweka hata mara moja, na hilo ndilo lililomuuma Thabiti kuliko mengine yote.

Aliporudi, mwanzoni hakuona ubaya. Hakuwa amemwagiza, lakini kama kuna sindano ya pili, basi Athumani kamfanyia wema. Akasubiri Alhamisi. Alhamisi ikapita bila ngurumo ya Kobe, na mke mdogo akasema mumewe ametuma salamu kwamba mwezi huu hatakuja. Nguruwe walikuwa wamepata habari kabla ya Thabiti. Usiku wa kwanza walichukua pembe ya shamba, wa pili wakaingia katikati. Thabiti akakesha na debe, lakini alikuwa hajawahi kuwa mtu wa debe. Akipiga upande huu, wanafukua upande ule, wanamsikiliza kama mpiga ngoma. Ashura akaanza kupika mara moja kwa siku. Hakumlaumu mumewe, alijilaumu mwenyewe, akilia jikoni kwamba yeye ndiye aliyemfunga mbwa kwa mikono yake.

Thabiti akapanda basi.

Alimkuta Athumani barazani kwake Likombe, anakunywa kahawa. Athumani hakukana. Labda ingekuwa afadhali angekana.

"Nguruwe wananimaliza, Thabiti. Nimelima shamba zima."

"Na langu?"

"Wewe utalea mwingine. Una mkono wa mbwa wewe, mimi sina."

"Athumani, nirudishie mbwa wangu."

"Wako kwa maana gani?" Athumani aliweka kikombe chini polepole. "Waulize wenye elimu ya dini. Mbwa hana bei. Hauzwi, hanunuliwi. Kitu kisicho na bei utanidai vipi?"

Thabiti alimtazama usoni, akimtafuta yule mtu waliyecheka naye majini, akamkosa. Hasira haikuja kwanza. Kilichokuja kwanza ni aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyeiba. Akaaga, maana hata hapo aliaga, akaenda kushtaki kwa Balozi wa nyumba kumi.

Balozi alikuwa Mzee Mussa, mtu wa haki kadiri anavyoijua, lakini mkewe alikuwa amewahi kukimbizwa hospitali kwa kigari kile kile, na jambo kama hilo mtu halisahau. Alimwita Athumani. Asubuhi yake Athumani akaja na Kobe hadi uani kwa Balozi, injini ikinguruma kama kawaida, na Popo juu ya gunia ndani ya kizibao chake. Alama ya rangi ilikuwa imefutika. Majirani wakakusanyika, wanaume, wanawake na watoto. Wote walimjua Athumani. Huyu mwingine, mwenye vumbi la Ruvuma miguuni, hakuna aliyemjua.

"Mbwa nimepewa na wakwe zangu wa Mahurunga," Athumani alisema. "Huyu bwana kamwona huko, kamtamani."

"Si kweli, Mzee," Thabiti alisema. "Nimemlea mimi tangu hajafumbua macho."

"Haya, Ndugu Balozi," Athumani akasema kwa upole, "mimi sitaki ugomvi. Mbwa anamjua mwenyewe. Namfungua hapa mbele yenu, mlango wazi. Amwite. Mbwa akishuka, amchukue aende naye, sidai chochote. Asiposhuka, aniache na mali yangu."

Watu wakasema hapo kuna uungwana. Mzee Mussa akamgeukia Thabiti. "Unakubali?"

"Nakubali!" Thabiti alijibu haraka, machozi ya furaha yakimlenga. Alidhani Athumani ameona haya na anatafuta njia ya kurudisha bila kuvunjika uso. Alidhani jando limemrudia.

Athumani akainama, akafungua kamba, akausukuma mlango wa kushoto ukawa wazi kabisa. Yeye mwenyewe akabaki kwenye usukani, mguu kwenye mafuta.

"Popo!" Thabiti aliita. "Popo, njoo!"

Popo alimwona. Masikio yakasimama, mwili wote ukatikisika, akalia puani kwa sauti nyembamba ambayo kila mtu uani aliisikia. Mguu wa mbele ukaanza kutetemeka. Hakushuka.

"Popo! Njoo, baba!"

Mguu ulitetemeka zaidi. Mbwa alikaa.

Hapo ndipo ngurumo ya injini ilipomfikia Thabiti masikioni, kana kwamba imewashwa sasa hivi. Alimtazama Athumani. Athumani hakumtazama, alikuwa ameutazama usukani, mikono yote miwili juu yake, kama alivyokuwa akikaa zile Alhamisi zote akiwasha na kuzima.

"Mwambie azime injini!" Thabiti alimlilia Balozi. "Mzee, azime injini tu, mbwa atashuka! Nimemfundisha hivyo, na huyu anajua, alikuwepo!"

"Nikizima, nani atanisukuma?" Athumani aliuliza, na watu wakaangua kicheko.

"Ati mbwa anajua injini," mmoja alisema. "Labda ni makanika."

Thabiti akapiga hatua kuelekea garini. Mzee Mussa akamshika mkono, wala si kwa ukali. "Ndugu Thabiti, umekubali mwenyewe mbele ya watu. Mbwa hakutaki. Nenda kwenu kwa amani."

Lile la kumbini lilimpanda Thabiti mpaka kwenye ulimi. Neno moja tu: huyu alilia. Uwanja ulijaa wanaume wa jando, na kwa neno hilo moja Athumani asingeinua uso Likombe mpaka kufa kwake. Thabiti alifungua mdomo. Athumani alikuwa amekwisha kulijua linalokuja. Mikono ilimganda kwenye usukani.

Lakini Thabiti alikuwa anamtazama Popo. Mbwa bado anatetemeka, bado analia, macho hayambanduki bwana wake, hajui kama amekosea au amefanya sawa. Alikuwa anangoja kuambiwa. Kuendelea kumwita ilikuwa kumtesa.

"Mwanamume huyo," Thabiti alimwambia mbwa. "Mwanamume huyo."

Mkia ukapiga sakafuni mara moja. Mguu ukaacha kutetemeka.

Watu walidhani anamsifu Athumani kwa kejeli, wakacheka tena. Athumani hakucheka. Alinyoosha mkono kupita juu ya mbwa, kanzu ikasugua pua yenye majimaji ya Popo, wala hakuangalia. Akaufunga mlango na kuondoa gari kabla Balozi hajamaliza kusema. Popo alikuwa amekaa juu ya gunia lake, masikio wima, ametulia kama alivyofundishwa.